Mafuta Juu Yenu

Walikuja sita kwenye maegesho, nyuma ya mnara wa saa,
bado wamevaa sare, soksi zimelala vifundoni,
na mhazini wao, Weyusya, akalizunguka gari langu
kama mtu anayenunua ng'ombe:
akapiga teke tairi, akachungulia chini ya boneti,
akauliza kama kiyoyozi kinafanya kazi.
"Kinafanya," nikasema, "ukifungua dirisha."

Laki mbili na nusu, mafuta juu yenu.
Wakanong'ona. Wakarudi na laki moja na themanini.
Nikawaonyesha viti vya ngozi
(ngozi ya plastiki, lakini usiku hauulizi),
nikawaambia Jumamosi lilimbeba bibi harusi hadi Sironko
na gauni likashuka bila mkunjo.
Tukakutana kwenye laki mbili na kumi,
na utepe wa waridi uliobaki kwenye vioo, niuache.

Pesa zilitoka katika bahasha ya ripoti ya shule:
noti za elfu zilizokunjwa mara nne,
sarafu zenye harufu ya vitunguu,
noti moja imeandikwa kwa kalamu, *chapati 12, deni*.
Nilizihesabu mara mbili. Si kwamba sikuwaamini.
Vidole vilitaka kujua
ni chai ngapi za asubuhi zilizolala humo.

Ijumaa, saa kumi na mbili jioni,
wingu limekaa juu ya Wanale kama kofia ya mtu mkali,
nikaanza kuwakusanya.
Weyusya katika suti ya kaka yake, mikono imemeza vidole.
Mapacha wa Nkoma, mama yao akipiga picha
hata tairi la akiba.
Nabifo peke yake alitaka nimchukue kituo cha petroli.
"Si nyumbani," alisema kwenye simu. "Njia yetu mbaya. Gari litachafuka."

Sawa, nikasema. Lakini njia yao naijua.
Na baba yake tulibeba vitunguu miaka saba
kwenye Fuso moja, Mbale hadi Juba,
mpaka asubuhi ile breki zilipokataa mteremko.
Mlango wao ni wa bati la bluu.
Mimi ndiye niliyeubisha.

Alisimama chini ya taa ya pampu ya tatu,
gauni la kijani, la kukodi kama gari langu;
kila kitu usiku ule kilikuwa na saa ya kurudishwa.
Viatu vikubwa, kila hatua vilichelewa kidogo.
Hakunitambua.
Au alinitambua, akanisitiri.

Langoni mwa hoteli, simu zikamulika.
"Dereva, zunguka tena," Weyusya akaomba,
"wenzetu hawajatuona."
Nikazunguka. Mara tatu nikazunguka,
nimeweka uso wa dereva wa waziri.

Kisha mimi, njugu za mia tano, na ngoma ya spika
ikigonga kifuani mwangu kupitia ukuta.
Promu. Enzi zetu darasa la saba
tuliagana kwa kurudisha madawati.

Mvua ilishuka saa saba usiku. Nilimfikisha kila mtu kwake,
akabaki Nabifo, viatu mkononi.
Kwenye zulia la gari, vipande vya karatasi
alivyokuwa amejaza vidoleni: mtihani wa majaribio, Jiografia,
*Swali la nne. Eleza kwa nini mito hubadili njia.*

"Petroli, sivyo?"
Akanyamaza mpaka mzunguko wa barabara.
"Kata kushoto," akasema, "baada ya kinu cha mahindi,
polepole, kuna shimo..."
"Nalijua," nikasema.

Hapo akanitazama kwenye kioo,
na hakuondoa macho mpaka bati la bluu.

Asubuhi kijana wa kuosha alidai elfu kumi na tano.
"Mzee, hili gari ulikuwa unalima nalo?"
Nikamlipa. Matope ya wapi, sikumwambia.